Makande Yaliyolala

Alikuwepo Nguchiro mmoja kijana, bingwa wa hotuba. Kila jioni aliwakusanya wenzake juu ya kichuguu na kuwahimiza, "Jamani, chakula kisitupwe! Hatuna msitu mwingine!" Wakimpigia makofi, anajiona mkombozi.

Asubuhi moja mama yake akamwekea makande yaliyobaki jana. Nguchiro akakunja pua. "Kiporo, mama? Mimi? Kamwage huko."

"Haya, baba," mama akasema bila ugomvi, akajitwika chungu akatoka.

Kufika mchana njaa ikamuuma kwelikweli. Akajipitisha kwa rafiki yake Kindi, msichana asiye na maneno mengi, akawakuta nyumba nzima wanakula. Akakaribishwa. Alikula, akaongezwa, akalamba vidole.

"Haya ndiyo mapishi!" akasema. "Sijui kwa nini mama yangu hawezi kupika hivi."

"Anaweza," Kindi akajibu. "Ni makande yake. Kayaleta asubuhi, kasema kwake kuna mheshimiwa asiyekula kiporo. Sisi tumeyapasha moto tu, tukatia tui la nazi."

Nyumba nzima ikacheka mpaka ikashika mbavu. Nguchiro akatamani ardhi immeze, halafu naye akacheka, maana alikuwa ameshiba.

Jioni ile kichuguu hakikusikia hotuba. Nyumbani, mama alipotaka kumwongezea makande mapya aliyopika jioni hiyo, Nguchiro akakifunika chungu kwa mikono miwili.

"Acha, mama, yalale. Ya kesho asubuhi ni yangu, na Kindi asipewe hata punje."