Hongera ya Mama

Katika mji ule wa Uholanzi, siku ya kuzaliwa hapongezwi mwenyewe peke yake. Hupongezwa pia kila aliye wake. Wageni wa Bibi Geertje, aliyetimiza miaka tisini, waliingia mmoja mmoja, wakazunguka duara la viti wakishikana mikono na kila mtu na kusema kwa Kiholanzi chao cha kooni: "Hongera kwa mama yako. Hongera kwa dada yako. Hongera kwa jirani yako."

Mwanakheri, aliyeajiriwa kumtunza bibi huyo, alisimama mlangoni na sinia la kahawa. Mikono ikampita. Hakununa, alikwisha kuzoea.

Mzee mmoja alichelewa. Hakujua nani ni nani, akashika mikono yote mpaka akafika mlangoni.

"Hongera kwa mama yako," akamwambia Mwanakheri, mkono ameunyoosha.

Wouter, mtoto wa bibi, akacheka. "Huyo mfanyakazi tu."

"Nyamaza, Wouter," alisema Bibi Geertje.

Tangu mama yake Mwanakheri azikwe kwao, yeye mwenyewe hayupo, alikuwa akipewa pole kwa simu kila siku. Hongera ya mama hakuwahi kupewa na mtu. Akalitua sinia dirishani, akaupokea ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante," alijibu kwa Kiholanzi. "Alikuwa mama hasa."

Bibi Geertje akaanza kukisogeza kiti chake, kidogo kidogo, mpaka kwenye duara ikapatikana nafasi ya kiti kimoja.