Kufuli la Eufrosina

Basi la kwenda Oaxaca lilikuwa limeshaanza kuteremka mlima, Eufrosina akiwa ndani, mama yake alipolisimamisha kwa kupunga blauzi mpya.

"Mwanangu, nimekutarizia kufuli lako shingoni. Huko uendako wajue jinsi ya kukuandikia."

Mtandao wetu wa kijiji hauna mwenyewe. Simu zetu, popote tulipo, zinapokezana tu maneno. Kila mtu ana mistari miwili ya herufi: kufuli analompa yeyote amfungie ujumbe, na ufunguo wa siri wa kuufungulia na kutia sahihi yake.

Eufrosina alipapasa uzi mwekundu, herufi baada ya herufi. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mama wee! Huu si ufunguo wenyewe?"

"Si nimeutoa kwenye simu yako?"

"Kufuli ni mstari wa chini! Umetarizia wapi?"

"Sokoni. Kila mtu kausifia."

Sasa yeyote angeweza kusema kwa jina lake, naye akiwa mbali. Pale pale kwenye simu akatengeneza kufuli na ufunguo vipya. Lakini kwetu kufuli jipya halikubaliki mpaka mwenyewe alisome kwa kinywa chake mbele ya majirani. Akalisoma dirishani, nasi majirani tuliokuja kumuaga tukarudia barabarani kila herufi.

"Dada, hapa kuna misa?" dereva akalalamika.

"Itikia na wewe, kaka!"

Akaitikia.

Siku hizi Eufrosina anapika hotelini Tijuana, na huandika kila Jumapili. Mama yake hutarizi ndege tu. Dereva ameoa kijijini kwetu. Mimi nami nilihama baadaye; nasoma ujumbe wao nikiwa Veracruz.