Uzi Mwekundu Kwenye Kichupa

"Juzi ulichukua kichupa kimoja cha damu. Leo viwili," Bi Namsifu alisema, mkono kauficha ndani ya kanga. "Cha pili cha nani?"

"Cha maabara, bibi," muuguzi Tabu alijibu. "Kwenye damu kuna askari wanaoua seli mbaya. Saratani huwalegeza. Daktari anataka kujua kama askari wako bado wanapigana, ndipo achague dawa."

"Kama mlinzi wetu wa ghala. Wezi walimzoesha chai ya maziwa, mwisho akawashikia tochi."

Tabu alicheka. Bibi hakucheka. Akautoa mkono taratibu. Vichupa vilipojaa, alichomoa uzi mwekundu kwenye pindo la kanga, akaufunga kwenye kile cha pili mafundo mawili, kama anavyowafunga kuku wake miguuni wasichanganyike na wa jirani.

"Jina tumeandika, bibi."

"Wino hufutika. Msije mkanisomea askari wa mtu mwingine."

Aliambiwa arudi Alhamisi kuchukua majibu. Tabu alipoingia maabara na sinia, uzi ukining'inia, mlango ukafungwa. Bi Namsifu akalivuta benchi likauelekea mlango ule, akaketi, pamba bado kaibana mkononi.