Michubuko ya Gitaa

Mchungaji mgeni alilipapasa gitaa, likang'aa mikononi mwake kama kabati la bibi harusi. “Michubuko iko wapi?”

Fundi Hezekia, seremala wa Lushoto na mwalimu wa kwaya, alitabasamu. Gitaa lilikuja toka Ujerumani, zawadi ya mgeni huyu kwa kwaya, limechubuka kama gogo la bucha, na hata enzi hizi za soko huria na mitumba, chombo cha kanisani kina heshima yake.

“Nimeipiga msasa yote, mchungaji. Nikapaka na vanishi.”

Mgeni akaliweka gitaa kwenye benchi. “Lilikuwa jipya. Michubuko waliitia kiwandani, makusudi. Kwetu ndiyo inayopendwa.”

Hezekia akamwonea huruma, mtu katoka mbali hivyo. Akachukua patasi.

“Hilo dogo, mchungaji. Nionyeshe tu ilikuwa wapi.”