Landrova Inayomisi Siku ya Mnada

Landrova iliingia gereji ikikohoa, na Paskalina akajua kazi yake imeota mbawa.

Kila siku ya mnada ilikuwa hivyo hivyo. Injini inakwenda vizuri, ghafla inamisi, inaruka mapigo kama mtu mwenye kwikwi, kisha inatulia. Ilikuwa gari ya zamani sana. Mita yake ya kilomita iliacha kuhesabu tangu enzi za mwenye gari, marehemu Baba Herman. Paskalina alikuwa amebadilisha plagi, amesafisha kabureta, amepiga msasa pointi za distributa. Kila alipomaliza, injini ilinguruma bila kasoro. Herman, mwanawe aliyeiendesha sasa, alisema, "Asante, fundi," akaondoka na mama yake kwenda kuuza dengu. Mnada uliofuata walirudi, gari inamisi.

"Wewe fundi gani?" Sostenes, mwenye gereji, alikuwa amemwambia juma lililopita. "Mji mzima wa Mhunze unanicheka. Hiyo Landrova ikirudi tena inamisi, panda basi urudi kwenu Geita."

Siku hiyo hiyo ya onyo, Paskalina aliamua kumhoji Herman kama daktari.

"Asubuhi inawaka mara moja?"

"Inawaka."

"Mkishawasha mnaondoka papo hapo?"

"Mama hutangulia garini. Nikimaliza kufunga magunia, tunaondoka."

Kwa Herman, hayo yalikuwa mahubiri. Alikuwa kijana mrefu, mpole, aliyesimama kando ya boneti muda wote akimshikia Paskalina spana bila kutoa neno.

"Huyu anaongea na ng'ombe tu," mama yake alipenda kusema, akicheka. "Baba yake alikuwa dereva wa trekta la ginari ya pamba. Yule aliongea mpaka na injini, mimi nikimshikia tochi. Huyu sijui kamrithi nani."

Paskalina alipokuwa akirudishia nyaya za plagi, mkono wake ulisita. Jambo la kwanza alilofanya kila mara lilikuwa kuchomoa nyaya hizo ili afungue plagi. Jambo la mwisho lilikuwa kuzisukuma mpaka zikaze. Kama waya mmoja ulikuwa umelegea, basi yeye mwenyewe aliuponya kila juma bila kuuona. Lakini waya haulegei wenyewe kila siku ya mnada.

Alichukua dawa ya zambarau ya vidonda, ile wafugaji wanayowapaka ng'ombe na ambayo haitoki vidoleni hata usugue vipi. Akaichanganya na grisi isikauke, akapaka kwenye vichwa vya nyaya zote. Hakumwambia mtu.

Juma zima alimfikiria mtu mmoja tu. Alitamani kuiona zambarau kwenye mikono ya Herman, na aliona haya kutamani hivyo.

Sasa Landrova ilikuwa imerudi, ikitetemeka mbele ya gereji. Herman akazima injini, akaruka chini. Sostenes akatoka akijifuta mafuta mikononi.

"Mwangaluka, Mama Herman!" alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," aliitika mama kutoka ndani ya kabini. Leo hakushuka kusalimia. Alikuwa amejifunga kitenge mpaka kidevuni, na jua lote lile. "Nina homa kidogo. Endeleeni."

"Shikamoo, mama. Pole sana," alisema Paskalina.

"Marahaba, mayu," aliitika, kama Wasukuma wamwitavyo binti kwa upendo.

Sostenes akanyoosha kidole kuelekea stendi. "Paskalina, tulikubaliana."

"Nakuomba, bosi, dakika moja."

Alifungua boneti, safari hii bila kugusa kitu. Kichwa cha waya wa plagi ya pili kilikuwa kimepanda juu kidogo, kikigusa na kuachia. Kwenye grisi palikuwa na alama za vidole.

Kabla hajasema lolote, Herman alimtazama Sostenes, akatazama stendi.

"Bosi, usimfukuze. Ni mimi. Mimi ndiye ninayelegeza huo waya."



"Nionyeshe mikono," Paskalina akasema. Sauti yake haikuwa ya fundi tena.

Herman akaikunjua. Palikuwa na vumbi la dengu na sugu za kamba za ng'ombe. Paskalina akaigeuza huku na huku, akaitazama hata kwenye kucha. Hapakuwa na zambarau popote. Aliiachia taratibu.

"Siyo wewe," alisema. "Mbona unadanganya?"

"Ili usiondoke," Herman akajibu. Masikio yalikuwa yanamuwaka. "Ukienda Geita, mimi siku za mnada nitakuja kumshikia nani spana? Dengu mama anaweza kuuza mwenyewe. Mimi nakuja huku kwa ajili yako."



Dirisha la kabini likafunguka kwa kishindo. Homa ya Mama Herman ilikuwa imekwisha. Alitoa mkono ndani ya kitenge na kumnyooshea Paskalina, mkono wa zambarau kuanzia kucha mpaka kiganjani.

"Afadhali kaongea," alisema. "Haya, mayu, kwenu Geita tuje lini?"