Kofia ya Beki

Filamu waliyoitazama Mbwana na mkewe usiku wa jana ilikuwa ya beki aliyeumia ubongo kwa kupiga mipira ya vichwa, mpaka akasahau jina la mwanawe. Juzi Mbwana naye alitia sukari kwenye chai, akakoroga, kisha akauliza sukari iko wapi.

Leo maveterani wanacheza, na desturi yao ni Mbwana, beki na nahodha wao wa zamani, kurushiwa mpira wa kwanza aupige kichwa, ndipo mechi ianze. Mkewe, Bi Mwanaidi, alimvika kofia mpya kando ya uwanja.

“Nimeishona mwenyewe, na bismillahi katika kila tundu. Ukiichafua, utakula kwa jirani.”

“Mke wangu, beki havai kofia uwanjani.”

“Na aliyesahau sukari aliyoitia mwenyewe huvaa nini?”

Mbwana akacheka, akaingia nayo.

“Nahodha, umekuja kucheza au kuozesha?” kipa akamtania, akaurusha mpira juu. Watu wakaangua kicheko.

Mpira ukaanza kushuka. Shingo ya Mbwana ikajikaza kwa mazoea. Kidole cha Bi Mwanaidi kikasimama kwenye tasbihi.

Mbwana akainua mkono, akaishika kofia kichwani, akatanguliza kifua.