Maana ya Kuondoka

Saa moja kasoro dakika moja asubuhi, taa za gari la mkunga zilionekana zikiteremka polepole kwenye barafu kuelekea gatini. Ng'ambo ya ghuba, mama mmoja alikuwa ameshikwa na uchungu.

"Tunamsubiri mkunga," alisema Ragnfrid, nahodha wa kivuko.

"Hatusubiri," alijibu mkaguzi wa mkoa aliyesimama nyuma yake. "Mkichelewa tena, mkataba tunawapa wengine."

"Na huyo mtoto, umempa ratiba?"

"Dada, usinichoshe. Kwenye vipimo vya mkataba hakuna mkunga. Kuna kuondoka kwa wakati tu."

"Kuondoka ni nini? Nisomee."

Mkaguzi alishusha pumzi, akafunua mkataba. "Kuondoka ni lango la kupandia magari kuinuka kutoka gatini."

Ragnfrid aliweka kidole gumba, chenye ufa mweusi wa grisi, juu ya kitufe. Saa moja ilipogonga, akabonyeza. Lango likainuka shubiri moja, minyororo ikalia, na kwenye skrini yakatokea maneno: *Kimeondoka kwa wakati*.

"Haya, tumeondoka."

"Tumeondoka wapi? Si tupo gatini!"

"Mlioandika ni nyinyi."

Akalishusha lango. Gari la mkunga likapanda.